Rangi ya Koi Inapoharibika: Kutenganisha Kasoro ya Maji, ya Chakula na ya Damu

Malalamiko ya wafugaji wa koi, samaki wa mapambo wa jamii ya karpu, kuhusu rangi hufanana: wekundu umefifia, weupe umegeuka manjano, weusi umepotea, au wazazi wazuri wamezaa vifaranga wa hovyo. Hatua inayofuata nayo hufanana, kwa kuwa wengi hukimbilia kununua chakula cha kuongeza rangi, au kumwondoa samaki katika kundi la wazazi, kabla ya kujua kama kasoro imo majini, chakulani au katika damu, yaani urithi, ya samaki mwenyewe. Kasoro ya maji na ya chakula hurekebishika na hairithiwi na watoto. Kasoro ya damu haina dawa, na itajitokeza tena katika kizazi kijacho. Mwongozo huu unafuata dalili, ukianza na zile ambazo mara nyingi samaki hana kosa, kisha ukaingia katika uzalishaji na uchambuzi wa vifaranga.

Je, ni samaki wote au mmoja?

Swali la kwanza ni kama dalili imewapata samaki wote au mmoja tu. Koi wote wa bwawa wakipauka ndani ya majuma machache, chanzo ni maji au chakula, kwa kuwa urithi haubadiliki kwa samaki ishirini kwa pamoja. Akibadilika mmoja, huku wenzake wa umri ule ule wanaokula chakula kile kile wamebaki walivyokuwa, hapo ndipo inapofaa kushuku urithi, umri, jinsia au ugonjwa wake mwenyewe. Jambo hili ni jepesi kiasi cha kupuuzwa, na ndiyo maana nimelitanguliza.

Linalofuata ni kupima maji. Amonia na nitraiti zinapaswa kusomeka sifuri kwenye kipimo cha matone. Kiwango cha pH kiwe kati ya 7 na 8.5 na, lililo muhimu zaidi, kisipande na kushuka sana kati ya alfajiri na alasiri. Joto lipimwe nyakati hizo hizo mbili, kwenye kina cha mkono, si juu ya maji yaliyopigwa na jua. Ugumu wa maji, yaani wingi wa kalisi na magnesi, upimwe pia, kwani utatajwa mara kadhaa huko mbele. Anayetumia maji ya bomba ahakikishe klorini imeondolewa kabla maji hayajaingia bwawani, maana klorini huunguza matamvua na ute wa ngozi, na samaki aliyepoteza ute huonekana kama aliyepakwa vumbi, rangi zake zote zikiwa butu kwa wakati mmoja.

Kisha samaki akaguliwe mahali panapofaa. Bwawa lenye maji ya kijani humfanya kila samaki aonekane wa manjano, na jua la saa sita humfanya aonekane amepauka. Wanaofuga koi kwa mashindano hutumia beseni pana la buluu, kwa kuwa juu ya buluu wekundu na weupe huonekana ulivyo. Beseni hilo lijazwe maji ya bwawa lenyewe na liwekwe kivulini mchana kweupe. Samaki aliyetoka tu kwenye wavu huwa na mishipa midogo ya damu iliyotokeza chini ya ngozi nyeupe, na weupe wake huonekana wa waridi. Aachwe dakika kadhaa atulie ndipo atazamwe. Apigwe picha kutoka juu moja kwa moja, katika beseni lile lile na karibu saa ile ile, kila mwezi. Kumbukumbu ya macho haitoshi, kwa sababu samaki anayefifia polepole mbele ya mwenyewe kila siku haonekani kufifia.

Wekundu umefifia au umegeuka rangi ya chungwa

Wekundu na manjano ya koi hutokana na karotenoidi, yaani kundi la viini vya rangi, na samaki hawezi kuzitengeneza mwilini, sharti azile. Heroe wadogo wa Ziwa Natron na Ziwa Nakuru wako katika hali hiyo hiyo, kwani uwaridi wao unatoka kwenye spirulina, viumbe wadogo wa rangi ya kijani-buluu wanaostawi katika maji ya magadi. Spirulina hiyo, ikikaushwa na kusagwa, ndiyo kiungo kinachotajwa kwenye mifuko mingi ya chakula cha koi, kwa kuwa karpu anaweza kuigeuza zeazantini, karotenoidi iliyomo ndani yake, kuwa astazantini, ile nyekundu inayokaa katika seli za ngozi. Uduvi na kamba waliokaushwa wana astazantini tayari.

Kwa hiyo, wekundu ukififia kwa samaki wote, mfuko wa chakula ndio wa kwanza kuchunguzwa, na si maandishi yake tu bali pia umri wake. Karotenoidi huharibiwa na mwanga, joto na hewa, na mfuko uliofunguliwa ukakaa miezi kadhaa katika stoo ya mabati huwa umepoteza sehemu kubwa ya kilichoandikwa juu yake, huku mafuta yake yakiwa yameanza kuchacha. Mfugaji anunue kiasi kitakachokwisha ndani ya miezi miwili, akihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri mahali pa baridi na giza. Baada ya kubadilisha chakula asitarajie jibu kesho yake: seli za ngozi hujaza rangi polepole, na tathmini kabla ya wiki 6 hadi 8 haina maana.

Chanzo cha pili ni joto, na hapa mfugaji wa pwani ya Afrika Mashariki hana budi kuelewa samaki huyu alitengenezwa wapi. Koi wa rangi walitokana na karpu waliofugwa kwa chakula katika mabwawa ya mashamba ya mpunga kwenye milima ya Niigata nchini Japani, hasa sehemu za Yamakoshi na Ojiya, mwanzoni mwa karne ya 19. Huko theluji huanguka kwa wingi mno. Samaki huingizwa katika mabwawa ya udongo mwishoni mwa majira ya kuchipua, hula na kukua kiangazi, kisha huvuliwa mwezi wa Oktoba maji yanapoanza kupoa, na katika kupoa huko ndipo wekundu hukaza na kina chake kuonekana. Katika bwawa la Dar es Salaam au Mombasa lenye nyuzijoto 28 na zaidi karibu mwaka mzima, samaki hana majira ya kupumzika: anakula, anakua, ngozi inatanuka, na seli za rangi zinatawanyika juu ya eneo kubwa zaidi. Wekundu wake unakuwa mwepesi bila ugonjwa wowote.

Hilo haliwezi kuondolewa kabisa, lakini linaweza kupunguzwa. Bwawa liwe na kina cha mita 1.5 au zaidi, nusu ya uso wake iwe na kivuli cha kudumu, na maji yazungushwe usiku ili yapoe. Chakula chenye protini nyingi kipunguzwe kwa miezi kadhaa ya mwaka, ikiwezekana miezi ile ya ubaridi kuanzia Juni hadi Agosti, ili ukuaji upungue na rangi ipate nafasi ya kulipia deni lake. Wafugaji wa Limuru, Lushoto au Arusha wanapewa bure jambo hili ambalo mwenzao wa pwani hulitafuta kwa gharama ya pampu na turubai.

Ikiwa amefifia mmoja tu, atazamwe kwa karibu. Wekundu mzito hufunika mipaka ya magamba, hata mtu asiweze kuyahesabu; wekundu mwembamba huyaacha magamba yaonekane moja moja. Tofauti ya kivuli kati ya kichwa na mkia, au magamba machache ya mabegani yaliyopauka katikati ya bamba jekundu na kufanya madirisha, ni dalili ya damu, na samaki wa namna hiyo asiwe mzazi hata kama chakula kitamrudishia sura. Kabla ya hukumu hiyo, hata hivyo, jinsia izingatiwe. Madume hukamilika rangi mapema, majike huchelewa, na jike mchanga mwenye rangi ya chungwa iliyosawazika kutoka puani hadi mkiani mara nyingi humpita dume ambaye katika miezi 6 alikuwa mwekundu wa damu ya mzee. Mimi nikilazimika kuchagua kati ya hao wawili wakiwa wadogo, huchukua yule wa chungwa. Wekundu uliokolea mapema mno hauna pa kwenda isipokuwa kupasuka samaki anapokua.

Weupe umegeuka manjano au waridi

Weupe ndio unaobeba rangi nyingine zote, lakini wanunuzi wengi huutazama mwisho. Ukigeuka waridi mwili mzima na mishipa ya damu ikaonekana hadi kwenye mapezi, tatizo si rangi bali ni afya: amonia, nitraiti, vimelea vya ngozi au purukushani ya kuvuliwa. Samaki wanaojisugua kwenye kuta za bwawa na kurukaruka wana vimelea, na jawabu ni kukwangua ute kidogo na kuutazama kwa darubini, si kumwaga dawa kwa kubahatisha.

Ukigeuka manjano, hasa kichwani ambako hakuna magamba, mara nyingi ni kinyume cha tatizo lililotangulia: karotenoidi zimezidi. Chakula cha rangi kikilishwa peke yake mwaka mzima, kile kisichopata nafasi katika wekundu hutua katika weupe. Kiondolewe, kilishwe chakula cha kawaida chenye kiini cha ngano kwa wiki kadhaa, na weupe wa kichwa utazamwe tena katika beseni la buluu. Usiporudi kabisa, huku wa wenzake umerudi, samaki huyo ana manjano ya urithi. Hili ni kosa zito kwa mzazi wa Kohaku (koi mweupe mwenye mabamba mekundu) kuliko hata doa jekundu lililokaa mahali pabaya, kwa sababu hiyo manjano ataiweka kwa watoto wengi.

Mafuta yaliyochacha katika chakula huleta manjano ya aina nyingine, iliyofifia na kuambatana na uzito kupungua mgongoni. Samaki wa namna hiyo ana ini lenye matatizo, na chakula hicho kitupwe.

Weusi unakuja na kupotea

Hakuna dalili inayowafanya watu kuuza samaki wazuri kwa bei ya hasara kama hii. Weusi wa Sanke na Showa (aina za koi wenye weupe, wekundu na weusi), ambao wafugaji huuita sumi, hutokana na melanini, na seli zake zinaweza kukaa ndani ya ngozi kabla ya kujitokeza juu. Kinachoonekana wakati huo ni kivuli cha kijivu-buluu chini ya weupe. Mfugaji asiyekijua hukiita uchafu, anayekijua hukipigia picha na kusubiri. Katika Showa hasa, weusi unaweza kuzama mwaka mmoja na kurudi baadaye ukiwa mzito zaidi na mahali pale pale.

Kinachoupandisha na kuushusha ni joto, ugumu wa maji, rangi ya sakafu ya bwawa na wasiwasi wa samaki. Maji yenye madini mengi na pH ya juu huusukuma weusi utokeze na kukaza. Maji laini, kama yale ya theluji iliyoyeyuka huko Niigata, huulea wekundu na weupe lakini huuacha weusi ndani. Maji ya baridi huukoza. Koi wa bwawa lenye sakafu nyeusi hukoleza, na akihamishiwa bwawa la sakafu nyeupe hupauka ndani ya muda mfupi bila kupoteza chochote cha kudumu. Kwa sababu hiyo, samaki aliyehamishwa asihukumiwe weusi wake kabla ya miezi kadhaa, na anayenunua Showa kutoka bwawa lenye maji magumu aelewe kwamba huenda ananunua weusi wa maji yale. Anayetaka kujua ukweli amwombe muuzaji picha za ndugu zake waliolelewa kwingine.

Weusi wa damu mbovu hutambulika kwa ukingo wake: una rangi ya moshi, hauna mpaka, umetawanyika juu ya wekundu na kuuchafua. Weusi mzuri, hata ukiwa bado mdogo, umekusanyika mahali pamoja na unang'aa kidogo kama umelowa wino.

Vidoa vidogo vyeusi juu ya wekundu au weupe

Vidoa hivi, ambavyo Wajapani huviita shimi, havina uhusiano na weusi wa Sanke. Vikijitokeza kwa samaki wengi baada ya kubadilisha chanzo cha maji, ugumu na pH ndivyo vya kushuku kwanza, na kubadilisha sehemu ya maji kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi safi mara nyingi huvipunguza. Mabadiliko hayo yaende polepole, maana maji ya mvua hayana uwezo wa kushikilia pH na yanaweza kuiporomosha usiku mmoja. Vikiwa kwa mmoja tu na havipungui, ni vya urithi, na jina lake liondolewe katika orodha ya wazazi.

Kingo za bamba zimefifia

Hapa uelekeo ndio unaoamua. Ukingo wa mbele wa bamba jekundu huwa na ukungu kwa samaki mchanga, kwa sababu magamba meupe yaliyotangulia yanalala juu ya mwanzo wa wekundu na kuuonyesha kwa mbali. Huo ni utaratibu wa kawaida na hupungua ngozi inapokomaa na kuwa nene. Ukingo wa nyuma hauna udhuru huo. Ukiwa na ukungu tangu mwanzo, magamba ya mwisho yakiwa nusu mekundu nusu meupe bila mpangilio, hautakaza kwa chakula wala kwa baridi. Ukikatika safi, ama kwa kufuata mviringo wa magamba ama kwa mstari ulionyooka, samaki ana jambo la kurithisha.

Sehemu ya wekundu imevimba na kuliwa

Sehemu ndogo ya wekundu ikiinuka kidogo, ikawa na rangi iliyofifia na uso unaokwaruza, kisha wekundu ulio chini yake ukatoweka, hiyo ni hikui. Hutokea katika wekundu tu. Jua kali lisilo na kivuli na maji machafu hutajwa sana na wafugaji, na kivuli pamoja na kupunguza chakula kizito ni hatua za kwanza zinazofaa. Kukwangua sehemu hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, samaki akiwa amelazwa usingizi. Mafuta ya karafuu, ambayo Pemba haina uhaba wake, hutumika kwa kazi hiyo, lakini kipimo chake ni matone na kosa dogo humlaza samaki asiamke.

Wazazi wazuri wamezaa vifaranga wa hovyo

Hapa ndipo penye mambo mengi, na hapa ndipo matarajio ya wengi yanapohitaji kurekebishwa kabla ya mabwawa yao. Karpu ana kromosomu 100, takriban mara mbili ya jamaa zake wengi katika ukoo wake, kwa kuwa wahenga wake wa kale walirudufisha jeni zao; sifa nyingi za rangi hazishikwi na jeni moja bali na nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja. Koi hazai nakala yake. Jike mmoja mkubwa hutaga mayai laki kadhaa, na katika hayo wafugaji wa Niigata huridhika wakimaliza kiangazi cha kwanza na samaki mia chache wanaostahili kuendelea kutunzwa. Kwa hiyo anayesema kwamba vifaranga wake 95 kwa kila 100 ni wabaya hana tatizo. Huo ndio mwendo wa kazi yenyewe. Tatizo lipo pale ambapo hata hao watano hawapo.

Chanzo cha kwanza ni wazazi kuchaguliwa kwa michoro. Mpangilio wa mabamba mgongoni ni sifa isiyorithiwa kwa uhakika, na koi mwenye mabamba matatu yaliyopangika vizuri anaweza kuzaa maelfu ya vifaranga wasio na mpangilio wowote. Kinachorithiwa zaidi ni ubora: unene na usawa wa wekundu, usafi wa weupe, ukataji wa ukingo wa nyuma, umbo la mwili na kasi ya kukua. Jike mwenye mwili mzuri, ngozi nyeupe safi na wekundu mzito uliokaa ovyo ni mzazi bora kuliko mrembo wa maonyesho mwenye kichwa cha manjano. Ushauri huu huwaudhi watu, maana mrembo ndiye aliyegharimu fedha.

Chanzo cha pili ni kuachia bwawa lizalishe lenyewe. Mvua za masika zikinyesha na maji mapya yakaingia, koi wa aina zote hupandana pamoja alfajiri, na asubuhi mizizi ya magugu imejaa mayai ya baba wasiojulikana. Mchanganyiko wa Ogon (koi wa rangi moja yenye mng'ao wa metali) na Kohaku huleta vifaranga wenye mng'ao wa metali ambao wekundu wao hauna kina. Mchanganyiko wa zaidi ya hapo hurudisha kahawia ya karpu wa mtoni katika kizazi kimoja au viwili. Kuzalisha kwa kukusudia kunahitaji kitanki cha pembeni, jike mmoja na madume wawili au watatu wa aina ile ile, na nyuzi za katani zilizooshwa vizuri na kufungwa kwenye fito ili mayai yashikamane nazo. Wazazi waondolewe mara tu utagaji unapokwisha, la sivyo watayala. Katika maji ya nyuzijoto 20 hadi 22 mayai huanguliwa kwa siku 3 au 4, na kwenye joto zaidi huwahi.

Anayetafuta kuboresha rangi kwa kuchanganya aina azingatie historia ya Showa. Jukichi Hoshino alimpata mwaka 1927 kwa kuchanganya Ki Utsuri, mweusi na manjano, na Kohaku. Wekundu wa samaki hao wa mwanzo ulikuwa wa manjano-manjano, urithi wa upande wa Ki Utsuri, na ulingoja hadi miaka ya 1960 kusafishwa na Tomiji Kobayashi kwa kurudisha damu nyekundu iliyo bora. Zaidi ya miaka 30 ilipita kati ya wazo na rangi iliyokusudiwa, mikononi mwa watu waliokuwa na mabwawa mengi na masoko ya kuwasubiri. Kwa mfugaji mwenye mabwawa matatu, ningeshauri abaki na aina moja.

Chanzo cha tatu, na kwa maoni yangu ndicho kikubwa kuliko vyote, ni kuchelewa kuchambua. Vifaranga wasio na rangi nzuri, hasa wa kahawia na wale wa rangi moja, mara nyingi hukua haraka kuliko wenye michoro. Katika kitanki kilichojaa, wachache hutangulia kwa ukubwa na kuanza kuwameza wenzao, na mfugaji aliyesubiri miezi mitatu kwa huruma hukuta waliosalia ni wale wale aliopaswa kuwaondoa. Huruma hiyo imewachagulia wabaya.

Wakati wa uchambuzi hutofautiana kwa aina. Vifaranga wa Showa huchambuliwa mapema sana, ndani ya siku chache za kuanza kuogelea, kwa kuwa wenye weusi huonekana wazi wakiwa na urefu wa milimita chache tu: wamwagwe kidogo kidogo kwenye bakuli jeupe, weusi wabaki, weupe waondoke. Kohaku na Sanke husubiriwa hadi kati ya wiki ya 4 na ya 8, wanapofikia sentimita 3 hivi. Katika awamu hiyo ya kwanza asitafutwe mzuri. Waondolewe walemavu wa mdomo, mgongo na mapezi, weupe watupu na wekundu watupu. Katika awamu ya pili, wiki chache baadaye, waondoke wenye wekundu upande mmoja tu wa mwili au wenye vipande vilivyotawanyika. Awamu ya tatu ndiyo ya ubora wa ngozi, na hiyo inahitaji beseni la buluu, macho yaliyopumzika na kikao kifupi, kwa sababu baada ya saa moja kila samaki huonekana sawa na mwingine.

Swali la kuwapeleka wapi walioondolewa lina jibu moja ambalo halifai: mtoni au ziwani. Karpu hufukua matope, huchafua maji na huzaana haraka. Katika Ziwa Naivasha walianza kuonekana kwenye nyavu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na muongo haukwisha kabla hawajatawala mavuno ya wavuvi. Vifaranga wa ziada huliwa vizuri na kambare wa kufugwa, na wakubwa kidogo huuzwa kwa bei ndogo kwa wenye mabwawa yaliyofungika.

Vifaranga wakiwa na walemavu wengi kila mara wazazi wale wale wanapotumika, undugu ushukiwe. Koi wote walionunuliwa kwa muuzaji mmoja katika msimu mmoja wanaweza kuwa wa tumbo moja. Dume wa damu nyingine aletwe, akae karantini kwa wiki 4 katika maji yake mwenyewe, akitumia wavu na ndoo zake, kwa kuwa virusi vya herpesi vya koi, vilivyojulikana tangu 1998, huingia bwawani kupitia samaki anayeonekana mzima. Na wazazi wa thamani wasikae wote bwawa moja: tetemeko la ardhi la tarehe 23 Oktoba 2004 lilibomoa mabwawa mengi ya Yamakoshi, na koo za miongo mingi zilipotea kwa usiku mmoja.

Aliyechaguliwa ameharibika mwaka wa pili

Ikiwa picha za kila mwezi zipo, tatizo hili ni jepesi kulichambua. Rangi iliyoporomoka ghafla kati ya picha mbili ina tukio nyuma yake: kuhamishwa bwawa, kubadilishwa chakula, kuzalishwa. Jike aliyetoka kutaga hupauka na huhitaji miezi kadhaa kurudi, na katika joto la pwani, ambako anaweza kutengeneza mayai tena bila kusubiri majira, huenda asirudi kabisa kama anaachwa pamoja na madume; kwa hiyo atengwe. Rangi iliyopungua kidogo kidogo katika kila picha, huku urefu ukiongezeka, ni ya ukuaji, na samaki apewe muda hadi mwaka wa tatu. Rangi iliyopasuka mahali pale pale huku urefu ukiwa umesimama ni ya damu.

Jike anayefika mwaka wa nne bila kupasuka wekundu wala kupata manjano kichwani azalishwe kwa majaribio na dume mmoja tu anayejulikana. Vifaranga wake wachambuliwe kwa awamu zote tatu, na idadi ya waliobaki baada ya kila awamu iandikwe nyuma ya picha yake. Msimu unaofuata abadilishiwe dume, na hesabu ifanywe tena. Hesabu hizo mbili ndizo zitakazoonyesha kama ubora au ubovu wa vifaranga unatoka upande wa mama au wa baba, na yupi kati yao auzwe.